Gololi mbili zikigongana, usisimame gatini: panda kivuko (uzi wa fremu za migongano)

#1 Mwalimu wa Kirumba

Wakuu, mwangaluka. Uzi huu ni mrefu na una hesabu, lakini hesabu zake ni za kujumlisha na kutoa. Vijana wa PCM na PCB (michepuo ya kidato cha tano na sita yenye fizikia) karibuni sana, na wazazi wao pia.

Jumamosi nilikuwa natoka Kamanga kurudi mjini Mwanza. Kwenye sitaha ya kivuko, katikati ya magari mawili, watoto wawili walikuwa wanacheza gololi. Ziwa lilikuwa limetulia, chombo kinakwenda taratibu, na gololi zao zinagongana na kuachana vilevile kama wangekuwa uani kwao. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kulenga tofauti kwa sababu yuko majini.

Wiki hiyohiyo mwanafunzi wa kidato cha tano alikuwa ameniuliza: "Mwalimu, gololi mbili zinazolingana, moja imetulia, nyingine ikaigonga kwa pembeni, mbona zinaachana kama skwea ya fundi?" Nilimjaza ubao mzima wa aljebra. Kila mstari ulikuwa sahihi, lakini macho yake yalinionyesha kwamba hajaona kitu. Pale kwenye sitaha nikapata jibu lililomfaa, na ndilo nataka kuliandika hapa lote.

Fremu ni mahali unaposimama na kuhesabia. Ukisimama gatini pale Kamanga una fremu moja. Ukikaa kwenye sitaha una fremu nyingine. Mgongano ni uleule mmoja, ila kasi unazoziandika kwenye daftari zinatofautiana, na tofauti yenyewe ni kasi ya kivuko, basi. Ukijua kivuko kinakwenda mita 4 kwa sekunde, unahama kutoka daftari moja kwenda jingine kwa kujumlisha au kutoa 4, mradi uheshimu upande mshale unakoelekea.

Sasa, vitabu vinatufundisha mgongano tukiwa tumesimama gatini. Wataalamu huita hiyo fremu ya maabara, kwa sababu kwenye maabara shabaha huwa imetulia mezani na chembe nyingine ndiyo inakuja. Ni fremu ya kweli, vipimo vyetu vinatoka huko. Lakini kwa kuelewa kilichotokea, ni mahali pabaya pa kusimama. Kuna chombo kimoja kwa kila mgongano ambacho ukikipanda kila kitu kinanyooka: kile kinachokwenda pamoja na kitovu cha masi (nukta ya mizani) cha vitu viwili vinavyogongana. Kasi yake ukiwa na shabaha iliyotulia, m₁ na u zikiwa masi na kasi ya kinachokuja na m₂ masi ya shabaha, ni:

V = m₁u ÷ (m₁ + m₂)

Chukua gololi ya chuma ya gramu 20, zile tunazochomoa kwenye beringi, iende mita 2 kwa sekunde kuifuata ya kioo ya gramu 5 iliyotulia. V = 20 × 2 ÷ 25 = mita 1.6 kwa sekunde. Panda kivuko kinachokwenda 1.6. Ya chuma utaiona inakuja kwa 2 − 1.6 = 0.4. Ya kioo, ambayo gatini imetulia, utaiona inakujia kutoka mbele kwa 1.6. Zidisha masi kwa kasi: 20 × 0.4 = 8, na 5 × 1.6 = 8. Momentamu zinalingana na zinaelekeana, jumla yake sifuri. Kivuko kimechaguliwa kwa ajili hiyo.

Kwa kuwa jumla ni sifuri kabla, lazima iwe sifuri baada. Na kama mgongano ni wa kinyumbufu, yaani nishati ya mwendo haipotei, basi hakuna njia nyingine: ya chuma lazima iondoke kwa 0.4 na ya kioo kwa 1.6, zikipeana mgongo. Kasi hazibadiliki kabisa. Kinachobadilika ni upande zinakoelekea. Ukiwa kwenye kivuko hiki, mgongano wote wa kinyumbufu ni kugeuka tu.

Zikigongana uso kwa uso zinarudi zilikotoka: chuma −0.4, kioo +1.6. Teremka gatini kwa kujumlisha 1.6: chuma inaendelea mbele kwa 1.2, kioo kinaruka kwa 3.2. Hakiki mwenyewe: 20 × 1.2 + 5 × 3.2 = 40, sawa na 20 × 2 za mwanzo. Nishati nayo ni milijuli 40 kabla na milijuli 40 baada. Hujatatua mlinganyo wowote wa kipeo cha pili.

Naendelea chini, nimegawanya ili isomeke kwenye simu.

#2 Mwalimu wa Kirumba

Skwea ya fundi.

Gololi mbili zinazolingana, moja inakuja kwa 2, nyingine imetulia. V ni 1. Kwenye kivuko kila moja inakuja kwa 1 na inaondoka kwa 1, zikielekea pande mbili zilizopingana, kwa mstari wowote ule kutegemea zimegusana wapi.

Chora sasa. Weka nukta G, gati. Kutoka G chora mshale wa V, urefu 1, kwenda kulia. Ncha yake iite K, kivuko. Kwa K kama kitovu, chora duara la nusu kipenyo 1. Kasi za gololi baada ya mgongano, kwa mtu wa kwenye kivuko, ni mishale miwili kutoka K hadi kwenye duara, inayopeana mgongo. Ncha zake mbili ni miisho ya kipenyo. Kwa mtu wa gatini, mishale inaanzia G. Na G iko wapi? Iko umbali wa 1 kutoka K, kwa hiyo iko juu ya duara lenyewe.

Pembe inayotoka kwenye duara na kukumbatia kipenyo ni nyuzi 90. Ni nadharia ya pembe ya nusu duara, kijana ameisoma kabla hajafika kidato cha tano. Alikuwa nayo mfukoni siku zote.

Uzuri wa mchoro huu ni kwamba unajibu hata usichouliza. Turudi kwenye chuma kugonga kioo. V ni 1.6 lakini duara la gololi ya chuma lina nusu kipenyo cha 0.4 tu. G iko nje ya duara, mbali. Chora mstari kutoka G uguse duara ukingoni: hiyo ndiyo pembe kubwa kabisa ambayo ya chuma inaweza kupindishwa. Sini yake ni 0.4 ÷ 1.6 = 0.25, pembe ni kama nyuzi 14.5. Gonga kioo utakavyo, katikati, ubavuni, ukingoni, gololi ya chuma haitapinda zaidi ya hapo. Kwa jumla sini ya pembe hiyo ni m₂ ÷ m₁, pale anayegonga akiwa mzito kuliko anayegongwa.

Shikeni hiyo 14.5, nitairudia.

#3 Mlango Mmoja

Mwalimu, nimekuelewa mpaka kwenye duara, hongera sana. Ila hili wazo la kupanda chombo ni lako au lipo kwenye historia? Naona kama linafaa sana sisi watu wa ziwa.

#4 Mwalimu wa Kirumba

Ndugu, lipo, na ni la zamani kuliko fomula zenyewe.

Galileo, kwenye kitabu chake cha 1632, alimwambia msomaji ajifungie chumba cha chini cha meli na rafiki yake, na vipepeo, na maji yanayodondoka tone kwa tone. Meli ikienda sawasawa bila kuyumba, hakuna kitakachokuonyesha kama inakwenda au imetia nanga. Aliyelichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye migongano ni Mholanzi Christiaan Huygens. Nchi yao imejaa mifereji, na mashua hupita karibu kabisa na ukingo. Akaweka mtu ndani ya mashua ameshika nyuzi mbili zenye vigololi, na mtu mwingine nchi kavu anayepokeana naye mikono, ili wote wawili wawe wanashuhudia mgongano uleule. Kazi hiyo alikuwa nayo tayari mwaka 1656. Sheria zenyewe alizitoa kwa ufupi mwaka 1669, na andiko kamili likachapishwa 1703, miaka 8 baada ya kufa kwake.

Huygens alikuwa na sababu. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes, mwaka 1644, alikuwa ametoa sheria saba za migongano, na watu wengi walizikubali kwa heshima ya jina. Sheria yake ya nne inasema kidogo kikigonga kikubwa kilichotulia, kikubwa hakisogei hata kidogo na kidogo kinarudi kwa kasi ileile. Ya tano inasema kikubwa kikigonga kidogo kilichotulia, vinaondoka pamoja.

Sasa panda mashua inayokwenda sambamba na kile kidogo cha sheria ya nne. Kwako wewe kidogo kimetulia na kikubwa ndicho kinachokuja. Hapo inatakiwa sheria ya tano itawale, viondoke pamoja. Lakini mtu wa nchi kavu, kwa sheria ya nne, anaviona vinaachana. Mgongano mmoja hauwezi kuviacha vitu vimeshikana na vimeachana kwa wakati mmoja kwa sababu tu mtu kapanda mashua. Sheria mbili za mtu yuleyule zinapigana, na hakuhitajika jaribio lolote, ilitosha kuhama mahali pa kusimama.

Huygens akathibitisha kinyume: kitu kikubwa kiasi gani, kikigongwa na kidogo kiasi gani, lazima kisogee. Kwenye fomula yetu unaliona hilo mara moja. V haiwi sifuri kamwe maadamu m₁ ipo na inakwenda.

Kila ninapolifikiria hili naona tunawanyima watoto kitu kikubwa tunapowapa fomula ya mwisho bila ile mashua.

#5 Nahodha Mstaafu

Mwalimu, shikamoo ya kitaaluma. Nimeendesha vyombo ziwa hili miaka mingi, Bukoba, Nansio na kwingineko. Kuna jambo nataka uliweke sawa. Chombo hakiendi sawasawa siku zote. Kuna mawimbi, kuna kupunguza mwendo ukikaribia gati, kuna kukata kona kukwepa mwamba. Gololi kwenye sitaha wakati wa kukata kona zinakwenda zenyewe bila mtu kuzigusa. Hapo fremu yako inasemaje?

#6 Mwalimu wa Kirumba

Marahaba mzee wangu, na ahsante, hilo ndilo sharti lenyewe na nililipita haraka.

Kila nilichosema kinasimama juu ya chombo kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika kwenye mstari ulionyooka. Kikikata kona au kikifunga mwendo, gololi zinaonekana kusukumwa na kani ambayo hakuna mtu aliyeitoa. Fremu ya namna hiyo ina hesabu zake na si hii tunayoitumia hapa.

Lakini angalia kivuko cha kitovu cha masi. Hicho si cha chuma wala hakina nahodha. Kinaendeshwa na vitu vyenyewe viwili. Vinapogongana, kani za kimoja kwa kingine zinalingana na zinapingana, kwa hiyo haziwezi kukisogeza kitovu chao wala kukichelewesha. Kama hakuna kani ya nje, kivuko hiki hakijui mgongano umetokea. Kinapita katikati ya tukio lote kwa mwendo uleule, kabla na baada. Na hata pale ambapo kani ya nje ipo, kama msuguano wa sakafu, mgusano wa gololi unachukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Msuguano haupati muda wa kufanya kitu cha maana. Ndiyo sababu tunapima kasi mara tu kabla na mara tu baada.

#7 Dereva wa Igoma

Naomba kuuliza la kwangu, sikusoma sana fizikia. Kwenye mafunzo ya udereva tuliambiwa gari mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja kilomita 50 kwa saa, ni sawa na mtu mmoja kugonga ukuta kwa 100. Ni kweli? Nauliza kwa sababu barabara ya kwenda Musoma naifanya kila wiki.

#8 Mwalimu wa Kirumba

Si kweli, kaka yangu, na swali lako ni zuri kuliko mengi ya mitihani.

Chukua gari mbili zinazolingana. Kila moja inakuja kwa 50, zinaelekeana. Jumla ya momentamu ni sifuri, maana yake kitovu cha masi kimetulia barabarani. Umeshasimama kwenye fremu yetu bila kupanda chochote. Zikinasana, kila moja inatoka 50 hadi 0 papo hapo, na sehemu zinapokutana haziendi mbele wala nyuma, kana kwamba kuna ukuta. Kwa aliye ndani ya gari moja ni sawa na kugonga ukuta imara kwa 50. Si 100.

Cha kulinganisha na 100 ni hiki: gari inayokwenda 100 ikigonga gari kama hiyo iliyoegeshwa. Panda gari la tatu linalokwenda 50 kandokando yao na utaona mgongano uleule wa 50 kwa 50. Mabati yatakunjika kiasi kilekile. Tofauti ni kwamba gari zote mbili, zikiwa zimenasana, zitaendelea kuserereka mbele kwa 50, na kitakachotokea huko mbele ni hatari nyingine.

Ukuta kwa 100 ni kitu kingine kabisa. Nishati inakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gari moja inabeba mara nne ya nishati ya 50, na yote inamalizikia kwako peke yako. Kwa gari mbili za 50 nishati ni mara mbili ya gari moja, na mnagawana.

Nakuombea safari njema kila wiki.

#9 binti_nansio

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Hapa kwenye nishati ndipo ninapochanganyikiwa. Kwenye mfano wako wa chuma na kioo, gatini kuna milijuli 40. Kwenye kivuko nimehesabu: chuma 1.6, kioo 6.4, jumla milijuli 8. Hizo 32 zimeenda wapi? Nishati si inatakiwa isipotee?

#10 Mwalimu wa Kirumba

Marahaba binti yangu. Umehesabu sawasawa, na umefika mahali penye utajiri wote wa somo hili.

Hazijapotea. Nishati ya mwendo inategemea umesimama wapi, kwa sababu kasi inategemea umesimama wapi. Mtu aliyelala kwenye kiti cha meli ana nishati ya mwendo kwa aliye gatini, na hana kwa jirani yake wa kiti cha pili. "Nishati haipotei" maana yake ukishachagua fremu, hesabu ya kabla na ya baada lazima zilingane ndani ya fremu hiyohiyo. Kosa ninalosahihisha zaidi kuliko yote ni hili: mtu anaandika nishati ya gatini kushoto na momentamu ya kivukoni kulia. Chagua chombo kimoja, kaa humo mpaka umalize, ndipo uteremke.

Sasa hizo 32 ni nini? Ni nusu ya masi zote mbili mara mraba wa V: 0.5 × 25 × 1.6 × 1.6 = 32. Ni nishati ya kivuko chenyewe kikiwa kimebeba gololi zote mbili. Na tumeshaona mgongano hauwezi kukigusa kivuko. Kwa hiyo milijuli 32 zimefungwa. Hata gololi zivunjike zote, au zinatane kama udongo, 32 zitabaki vilevile. Zinazoweza kupasua kioo, kutoa sauti, kutoa joto, ni 8 tu.

Hizo 8 unaweza kuzipata moja kwa moja: nusu ya μ mara mraba wa kasi ya kukaribiana, ambapo μ = m₁m₂ ÷ (m₁ + m₂). Hapa μ ni 100 ÷ 25 = gramu 4, kasi 2, jibu 8. Kasi ya kukaribiana haibadiliki ukibadili chombo, kwa hiyo na 8 haibadiliki. Kwa hiyo hata wale wanaobishana juu ya 40 na 8 watakubaliana juu ya kiasi kilichopotea kwenye mgongano.

Geuza mchezo: kioo cha gramu 5 ndicho kiende 2, chuma itulie. Gatini kuna milijuli 10 tu. Lakini zinazopatikana kwa mgongano ni 8 zilezile! Ya kwanza ulibeba 40 ukatumia 8, ya pili umebeba 10 ukatumia 8. Ukitaka kupasua kitu kwa gharama ndogo, kirushe kile chepesi kikigonge kizito.

Na ukitaka usipoteze hata kidogo, rusha zote mbili zikutane na momentamu sawa, ili kivuko kitulie na kisile chochote. Ndiyo sababu mashine za kugonganisha chembe zilihamia kwenye mihimili miwili inayokutana. Ya mwanzo ya elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), AdA, ilijengwa Frascati, Italia, mwaka 1961 kwa wazo la Bruno Touschek. Ya protoni ilianza kazi CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, mwaka 1971. Kwa kasi za karibu na mwanga hesabu zangu za Newton hazitoshi tena, na hasara ya shabaha iliyotulia inakuwa mbaya zaidi: protoni ya gigaelektronivolti 6,800 (kipimo cha nishati ya chembe), kama zile za pete ya kilomita 27 ya CERN, ikigonga protoni iliyotulia inaacha kama 113 tu za kutengenezea chembe mpya. Zikikutana mbili za namna hiyo, zinapatikana 13,600.

#11 Mlango Mmoja

Aisee. Kutoka gololi za sitaha hadi huko. Na ile 14.5 uliyosema tushike?

#12 Mwalimu wa Kirumba

Nimeikumbuka, na hii ndiyo sehemu niipendayo.

Chuma yangu ni mara 4 ya kioo. Chembe ya alfa, yaani kiini cha heliamu, ni mara 4 ya kiini cha haidrojeni. Mchoro haujui gramu, unajua uwiano tu. Kwa hiyo alfa ikiigonga haidrojeni haiwezi kupinda zaidi ya nyuzi 14.5. Ikigonga elektroni, ambayo ni nyepesi zaidi ya mara 7,000, inapinda chini ya sehemu ya mia ya nyuzi moja. Mwaka 1909 Geiger na Marsden, kwenye maabara ya Rutherford huko Manchester, waliona alfa chache zikirudi nyuma kutoka kwenye bati jembamba la metali, kama dhahabu. Kurudi nyuma! Mchoro wetu unasema hilo haliwezekani mpaka anayegongwa awe mzito kuliko anayegonga, ili G iingie ndani ya duara. Kwa masi, dhahabu ni 197 dhidi ya 4 za alfa. Hapo V ni asilimia 2 tu ya kasi ya alfa, kivuko karibu kimetulia, gati na kivuko ni karibu fremu moja. Rutherford alihitaji zaidi ya hili kufikia kiini chake cha 1911, alihitaji pia kujua chaji imebanwa mahali padogo sana, lakini uzito wa anayegongwa unasomeka kwenye duara.

Jingine ni la mwanafizikia Mwingereza Chadwick, 1932. Alikuwa na mnururisho usio na chaji, hauonekani, na hakuna aliyejua ni nini. Alichoweza kuona ni vitu unavyovigonga. Haidrojeni iliruka kwa kasi ya juu ya mita milioni 33 kwa sekunde, naitrojeni kwa mita milioni 4.7. Rudini kwenye kivuko: shabaha inakuja kwa V na, uso kwa uso, inarudi kwa V. Gatini hiyo ni 2V. Tuite masi ya kile kisichoonekana m na kasi yake u, na masi ya haidrojeni iwe 1, ya naitrojeni 14. Kwa haidrojeni 2V = 2mu ÷ (m + 1). Kwa naitrojeni 2V = 2mu ÷ (m + 14). Gawanya moja kwa nyingine, u isiyojulikana inakufa, inabaki:

(m + 14) ÷ (m + 1) = 33 ÷ 4.7

Fanyeni wenyewe. Inatoka m kama 1.16. Vipimo vya wakati ule vilikuwa na mapana yake, leo tunajua ni 1.009. Lakini ilitosha kabisa: kitu kisichoonekana kina masi karibu sawa na protoni. Nyutroni ilipimwa uzito kwa hesabu ya gololi.

#13 Fundi Gereji Nyakato

Mwalimu mimi nimejaribu leo na gololi mbili za beringi kwenye sakafu ya saruji. Sipati nyuzi 90. Napata ndogo, kama 70 hivi, nikipima mbali kidogo na zilipogongana. Nimerudia mara nyingi.

#14 Mwalimu wa Kirumba

Fundi, nimefurahi kuliko nilivyofurahi na sifa zote. Umepima.

Sababu ni mbili. Kwanza gololi yako haitelezi, inabingirika. Inapogonga, mwendo wake wa mbele inaugawa, lakini kule kuzunguka inabaki nako. Baada ya mgongano inazunguka kwa upande wa zamani, sakafu inaishika, na njia yake inapinda kuelekea mbele. Ukipima mbali unapima baada ya kupinda.

Pili, hakuna mgongano wa kinyumbufu kamili. Ule mlio wa "ta!" ni nishati iliyoondoka. Kwenye kivuko mishale miwili inafupika, inakuwa chini ya 1, lakini V inabaki 1. G sasa iko nje ya ncha zao, na pembe inakuwa chini ya 90. Zikifupika mpaka sifuri, gololi zimenatana na zinakwenda na kivuko.

Kuukwepa msuguano wa sakafu kuna njia: gololi zigonganie ukingoni mwa meza, zianguke chini juu ya karatasi nyeupe yenye kaboni. Kimo ni kimoja, muda wa kuanguka ni mmoja, kwa hiyo umbali zinakodondoka unasimama badala ya kasi. Mchoro wa duara unajichora sakafuni.

#15 binti_nansio

Mwalimu, tumefanya shuleni, sisi watatu na mwalimu wa maabara. Tulipinda reli ya pazia iwe mteremko, gololi ya pili tukaiweka juu ya kichwa cha msumari wa skrubu ukingoni kabisa, na tukashusha timazi kupata nukta G. Kwanza tuliachia gololi peke yake bila kugonga, tukaweka alama mahali inapodondoka. Halafu tukagonganisha mara 12, kila mara tunasogeza skrubu kidogo.

Vidoto vimekaa kama upinde kila upande. Karibu vyote viko ndani kidogo ya duara ulilosema, hakuna kilichotoka nje. Je, tumekosea?

#16 Mwalimu wa Kirumba

Hamjakosea binti yangu, mishale imefupika, ndiyo nishati iliyotoka na mlio. Sasa fanyeni hili moja. Kila mgongano una vidoto viwili. Viunganisheni kwa mstari, vyote 12, na kila mstari muwekee alama katikati. Halafu pimeni kutoka G hadi kwenye alama hizo. Masi ni sawa, kwa hiyo katikati ya vidoto viwili ndiyo kitovu cha masi, vyovyote mishale ilivyofupika.

#17 binti_nansio

Tumemaliza sasa hivi. Bila kugonga gololi ilidondokea sentimita 52 kutoka G. Alama za katikati zote 12 zimejikusanya karibu na sentimita 26, zote zinafunikwa na sarafu moja ya shilingi 200. Tumeandika herufi K pembeni yake na karatasi tumeibandika ukutani maabara.